Uthibitisho wa ubora wa maji kwa kibali cha shirikisho cha majitaka nchini Marekani: mwongozo kwa mwombaji

Mhandisi wa majitaka aliyefanya kazi Tanzania amezoea kwamba ruhusa ya kutiririsha majitaka mtoni huombwa kwa Bodi ya Maji ya Bonde husika. Akihamia Marekani na kupewa jukumu la kutafuta kibali cha mtambo wa mji mdogo, atakuta mto mmoja una serikali mbili juu yake. Serikali ya shirikisho ndiyo inayotoa kibali katika maeneo kadhaa, lakini jimbo ambamo maji hayo yanamwagwa lina neno la kusema kabla kibali hakijatoka, na neno hilo likiwa ni kukataa, kibali hakitoki hata kama ofisi ya shirikisho imeridhika kabisa.

Mamlaka hayo yamo katika Kifungu cha 401 cha Sheria ya Maji Safi, iliyopitishwa tarehe 18 Oktoba 1972, ingawa wazo lenyewe lilitangulia katika sheria ya mwaka 1970. Kifungu hicho kinamtaka mtu yeyote anayeomba leseni au kibali cha shirikisho kwa shughuli inayoweza kumwaga kitu katika maji yanayolindwa na sheria hiyo apeleke uthibitisho wa jimbo kwamba matakwa ya ubora wa maji yatatimizwa. Mwongozo huu unamlenga mwombaji wa kibali cha majitaka, kile kinachojulikana kwa kifupi cha NPDES na kutolewa chini ya Kifungu cha 402. Nitachukua mifano michache kutoka mabwawa ya umeme, kwa sababu hukumu kubwa za mahakama kuhusu Kifungu cha 401 zilizaliwa huko.

Jambo moja la tahadhari kabla ya kuanza. Kanuni za utekelezaji zilizotungwa mwaka 1971 zilidumu karibu miaka 50, kisha zikabadilishwa mwaka 2020, zikabadilishwa tena kwa kanuni iliyoanza kutumika tarehe 27 Novemba 2023, na mwaka 2025 Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani, yaani EPA, lilianza tena kukusanya maoni kuhusu mabadiliko mengine. Ninayoeleza hapa yanafuata kanuni ya 2023, iliyomo katika Juzuu la 40 la Kanuni za Shirikisho, Sehemu ya 121. Siku unayowasilisha ombi lako, fungua sehemu hiyo uisome kama ilivyo siku hiyo, wala usitegemee nakala uliyochapa mwaka uliopita.

Hatua ya kwanza: bainisha ni nani anayetoa kibali

Kifungu cha 401 hakiamki mpaka kuwe na kibali cha shirikisho. Majimbo 47 kati ya 50 yamekabidhiwa na EPA madaraka ya kutoa vibali vya NPDES yenyewe, na kibali kinachotolewa na jimbo ni kibali cha jimbo, kwa hiyo hakihitaji uthibitisho huu. Kama mtambo wako uko Ohio au Georgia na unamwaga katika maji ya jimbo, unaweza kuishia hapa, isipokuwa ujenzi wa bomba lako la kutolea maji unagusa mto au ardhi oevu kiasi cha kuhitaji kibali cha Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi chini ya Kifungu cha 404. Kibali hicho ni cha shirikisho, na uthibitisho utahitajika kwa ajili yake. Waombaji wengi husahau bomba, wakakumbuka mtambo tu.

Majimbo matatu ambako EPA yenyewe hutoa vibali vya NPDES ni Massachusetts, New Hampshire na New Mexico, na ingawa New Mexico ilipitisha sheria mwaka 2025 ya kujijengea mpango wake, kazi hiyo haikamiliki kwa kutia saini sheria peke yake. Ongeza hapo Wilaya ya Columbia, yaani jiji la Washington, pamoja na Puerto Rico, Guam na sehemu kubwa ya ardhi za makabila ya Wenyeji wa Marekani. Massachusetts na New Hampshire huhudumiwa na ofisi ya kanda ya EPA iliyopo Boston, New Mexico na ofisi ya Dallas, na Washington na ofisi ya Philadelphia.

Hatua ya pili: bainisha ni nani anayethibitisha

Sheria inasema uthibitisho unatoka katika jimbo ambamo umwagaji unaanzia. Kipimo ni mdomo wa bomba. Ofisi ya kampuni, makazi ya wateja na njia ya magari ya kazi havihesabiki. Mtambo wa Blue Plains ulioko Washington unaeleza jambo hili vizuri. Huo ni miongoni mwa mitambo mikubwa ya kisasa duniani, wenye uwezo wa kusafisha galoni milioni 384 kwa siku, yaani karibu lita bilioni 1.45, na majitaka mengi unayoyapokea yanatoka katika vitongoji vya Maryland na Virginia. Hata hivyo maji yake yanaingia mto Potomac ndani ya mipaka ya Wilaya ya Columbia, kwa hiyo anayethibitisha ni idara ya nishati na mazingira ya Wilaya, na anayetoa kibali ni EPA Philadelphia. Maryland na Virginia, ambazo mto unapita kati yao baada ya hapo, zinaingia kama majirani, na haki za jirani nitazieleza katika hatua ya nane.

Makabila ya Wenyeji nayo yanaweza kuwa wathibitishaji. Marekebisho ya mwaka 1987 yaliingiza Kifungu cha 518, kinachoiruhusu EPA kulipatia kabila linalotimiza masharti hadhi sawa na ya jimbo kwa madhumuni haya. Mahali ambapo kabila halijapata hadhi hiyo, EPA ndiyo inayothibitisha kwenye ardhi ya kabila, na unaweza kujikuta ukipokea kibali na uthibitisho kutoka shirika moja lililovaa kofia mbili. Hilo lisikufanye uruke hatua yoyote, kwa kuwa kumbukumbu za kila jukumu hutunzwa peke yake.

Hatua ya tatu: usome mto kabla ya kuusomea mtambo

Kila jimbo lina viwango vya ubora wa maji vyenye sehemu tatu: matumizi yaliyotengwa kwa kila mto au ziwa, kwa mfano uvuvi, kuogelea au maji ya kunywa, vigezo vya kulinda matumizi hayo, ambavyo vingine ni namba na vingine ni maneno, na kanuni ya kuzuia ubora usishuke chini ya ulipo sasa. Mthibitishaji atapima ombi lako kwa vyote vitatu. Mwombaji anayepeleka matokeo mazuri ya maabara yanayoonyesha kwamba mtambo wake unatimiza viwango vya teknolojia vya EPA, bila kusema lolote kuhusu mto unaopokea, amejibu swali ambalo jimbo halikuliuliza.

Tafuta jina la kipande cha mto katika jedwali la viwango vya jimbo, kwa sababu mto mmoja hugawanywa vipande vyenye matumizi tofauti. Angalia kama kipande hicho kimo katika orodha ya maji yaliyoharibika, na kama tayari kuna mgao wa jumla wa uchafuzi uliowekwa kwa kemikali fulani. Pata takwimu za mtiririko wa kiangazi, wakati maji ya mto ni kidogo na majitaka yako ni sehemu kubwa ya kinachotiririka. Katika majimbo kame kama New Mexico kuna vijito ambavyo kwa miezi kadhaa havina maji mengine zaidi ya yale yaliyotoka mtamboni, na huko hesabu ya kuchanganyika na maji ya mto haikusaidii chochote, maana hakuna cha kuchanganyika nacho.

Fanya vilevile kwa mto ulioko chini yako hadi kwenye mpaka wa jimbo au wa kabila linalofuata, na kuvuka.

Hatua ya nne: omba kikao cha awali

Kanuni inamtaka mwombaji aombe kikao na mthibitishaji angalau siku 30 kabla ya kuwasilisha ombi la uthibitisho, isipokuwa mthibitishaji ameondoa sharti hilo au amefupisha muda. Mthibitishaji halazimiki kukubali kikao, lakini wewe unalazimika kukiomba. Fanya hivyo kwa maandishi, na uhifadhi nakala yenye tarehe, kwa sababu itaambatishwa baadaye.

Kikao kikifanyika, usikitumie kuonyesha picha za mtambo. Uliza maswali mawili. La kwanza: ni nyaraka gani ambazo jimbo linazitaka kwa kanuni zake lenyewe, juu ya zile za shirikisho? La pili: ni nani atakayewasilisha ombi, na likiambatana na nini? Swali hili la pili lina uzito wa pekee kwa vibali vya EPA. Wajibu wa kisheria wa kuleta uthibitisho ni wa mwombaji, lakini katika kanda ya Boston, kwa mfano, imekuwa desturi ofisi ya EPA kuipeleka rasimu ya kibali jimboni ili jimbo liithibitishe wakati ule ule umma unapoitolea maoni. Mpango huo una faida, kwa kuwa jimbo linasoma masharti halisi badala ya kukisia, ila ukidhani EPA imepeleka na EPA ikidhani umepeleka wewe, miezi itapita bure. Andika barua fupi kwa wote wawili, ueleze mlivyokubaliana.

Hatua ya tano: andaa na uwasilishe ombi

Maombi mawili yanakwenda pamoja, na yasichanganywe. Ombi la kibali chenyewe hupelekwa EPA kwa fomu zake: Fomu ya 2A kwa mitambo ya miji, 2C kwa viwanda vilivyopo, 2D kwa viwanda vipya. Fomu hizo hutakiwa kufika siku 180 kabla ya umwagaji kuanza, au siku 180 kabla kibali cha sasa hakijaisha muda.

Ombi la uthibitisho linakwenda kwa mthibitishaji. Ni lazima liwe la maandishi, lenye saini na tarehe, na kwa kibali cha mwombaji mmoja liambatishwe nakala ya ombi la kibali cha shirikisho pamoja na taarifa zozote za ubora wa maji zilizopo ambazo zilitumika kuandaa ombi hilo. Jimbo likiwa limeweka katika kanuni zake mambo mengine ya lazima, hayo nayo yaingizwe. Likiwa halijaweka, kanuni ya shirikisho inataja orodha ya kujaza pengo: maelezo ya shughuli, madhumuni yake na aina za umwagaji, mahali hasa pa kila umwagaji, ramani inayoonyesha eneo na barabara za jirani, hali ya eneo ilivyo sasa, tarehe za kuanza na kumaliza, orodha ya vibali vingine vinavyohitajika na vilipofikia, na ushahidi kwamba kikao cha awali kiliombwa.

Usiombe uthibitisho kwa barua ya kurasa mbili ukitarajia kuongeza mengine baadaye. Ombi pungufu halianzishi kuhesabiwa kwa muda, na ombi linaloongezewa vipande kila wiki humfanya msomaji wa jimbo ashindwe kujua anathibitisha kitu gani. Ninashauri ukurasa mmoja wa mbele unaotaja kila takwa la kanuni na ukurasa ambamo limejibiwa. Ni kazi ya nusu siku, nayo huokoa barua nyingi za maswali.

Kwa vibali vya jumla, yaani kibali kimoja kinachotumiwa na waombaji wengi wenye shughuli za aina moja, mambo ni mepesi zaidi. Kibali cha jumla cha EPA cha maji ya mvua katika maeneo ya ujenzi, kilichoanza Februari 2022, kilithibitishwa na majimbo na makabila husika mara moja kabla ya kutolewa. Mkandarasi hawasilishi ombi lake la uthibitisho. Anawasilisha taarifa ya nia ya kutumia kibali. Lakini Sehemu ya 9 ya kibali hicho ina masharti ya kila jimbo na kabila yaliyotokana na uthibitisho huo, na yanambana sawasawa na masharti mengine. Wengi huisoma mpaka Sehemu ya 8 wakafunga kitabu.

Hatua ya sita: hesabu muda, na usicheze nao

Jimbo likishindwa au likikataa kushughulikia ombi ndani ya muda wa kuridhisha, ambao sheria inasema usizidi mwaka 1 tangu ombi lipokelewe, linahesabiwa kuwa limeacha haki yake, na EPA inaweza kuendelea bila uthibitisho. Chini ya kanuni ya 2023, mthibitishaji na ofisi ya shirikisho wanaweza kukubaliana kwa maandishi muda wowote ndani ya mwaka huo; wasipokubaliana, muda ni miezi 6. Unaweza kuongezwa, kwa mfano pale taratibu za jimbo za kuutangazia umma zinapohitaji siku zaidi, lakini haupiti mwaka. Mthibitishaji anatakiwa kuthibitisha kwa maandishi tarehe aliyopokea ombi. Usipopata barua hiyo, iombe, maana tarehe hiyo ndiyo msumari ambao mambo mengine yote yametundikwa.

Kwa nini nasisitiza hesabu hii? Kwa miaka mingi wathibitishaji na waombaji walikuwa na ujanja wa kukubaliana: muda ukikaribia kwisha, mwombaji anaondoa ombi lake na kuliwasilisha upya siku ile ile, na mwaka mwingine unaanza. Katika mto Klamath, kampuni ya PacifiCorp ilikuwa na mabwawa ya umeme yaliyohitaji leseni mpya ya shirikisho, na majimbo ya California na Oregon yalikubaliana nayo kwamba kila mwaka ombi lile lile lingeondolewa na kurudishwa. Kabila la Hoopa Valley, linaloishi chini ya mabwawa hayo, lilikwenda mahakamani. Tarehe 25 Januari 2019 Mahakama ya Rufaa ya Washington iliamua kwamba mpango huo wa kuzungusha ombi lisilobadilika haukuongeza muda, na kwamba majimbo hayo yalikuwa yameshaacha haki yao. (Mabwawa manne ya mto huo yalimalizika kubomolewa mwaka 2024, kwa njia nyingine kabisa.)

Fundisho kwa mwombaji wa majitaka lina pande mbili. Ukiombwa na jimbo uondoe na kuwasilisha upya ombi lisilobadilika ili kulipatia nafasi, unaweza kujikuta katika kesi ambayo hukuianzisha. Na ukidhani kwamba kuchelewa kwa jimbo ni ushindi wako, fikiri tena. Kibali cha majitaka kisicho na uthibitisho bado kinapaswa kulinda viwango vya jimbo, kwa kuwa EPA yenyewe inabanwa na sheria kufanya hivyo, na jimbo lililopoteza nafasi yake ya kusema kwa utaratibu litasema kwa kesi au katika ukaguzi wa kwanza. Kwa maoni yangu, uthibitisho wenye masharti mazito lakini yaliyo wazi una faida kuliko haki iliyoachwa kwa kupitwa na saa.

Hatua ya saba: soma uamuzi sharti kwa sharti

Mthibitishaji anaweza kufanya moja kati ya mambo manne: kuthibitisha, kuthibitisha kwa masharti, kukataa, au kuacha haki yake kwa kutamka. Hata kukataa kunakoitwa kwa lugha ya upole kuwa hakuzuii ombi jipya ni kukataa kamili kwa kibali kilicho mezani, ingawa unaruhusiwa kuanza upya.

Uthibitisho wa masharti ndio unaohitaji macho, kwa sababu Kifungu cha 401 kinasema masharti hayo yanakuwa sehemu ya kibali cha shirikisho. Ofisi ya shirikisho haina ruhusa ya kuyachuja na kuacha yale isiyoyapenda. Inachoweza kukagua ni mambo machache ya utaratibu: kama uamuzi umesema ni wa aina gani, kama umetolewa na mamlaka inayostahili, kama umma ulitangaziwa, na kama umetoka ndani ya muda.

Masharti hayo yanaweza kufika mbali. Mwaka 1994, katika kesi ya mradi mdogo wa umeme kwenye mto Dosewallips, jimbo la Washington lilisharitisha kwamba mtoni pabaki maji ya futi za ujazo 100 hadi 200 kwa sekunde kulingana na msimu, ili kulinda samaki. Waombaji walidai kwamba jimbo lina haki ya kuzungumzia uchafu tu, si kiasi cha maji. Mahakama ya Juu, kwa kura 7 dhidi ya 2, ililiunga mkono jimbo: matumizi yaliyotengwa ya mto ni sehemu ya viwango vya ubora, na samaki wasio na maji hawalindwi na kipimo chochote cha kemikali. Kanuni ya 2020 ilijaribu kuwarudisha wathibitishaji kwenye umwagaji peke yake. Ya 2023 ikairudisha shughuli nzima. Mpaka unaobaki ni kwamba sharti lihusu ubora wa maji. Jimbo haliwezi kukukatalia kwa sababu ya msongamano wa malori au kelele za mashine za kupuliza hewa.

Kwa kila sharti jiulize: linataka nini kifanyike, kwa kipimo gani, kwa sampuli za mara ngapi, kuanzia lini, na limetajiwa sheria ipi? Sharti la kuweka ukomo wa amonia kwa miligramu kwa lita na kuchukua sampuli kila wiki linatekelezeka. Sharti linalosema tu kwamba umwagaji usisababishe kuvunjwa kwa viwango vya ubora wa maji halikuambii ufanye nini, na siku mto ukiharibika kwa sababu zilizochanganyika, utakuwa mshitakiwa bila kujua kosa lako. Aina hiyo ya sharti ilipata pigo tarehe 4 Machi 2025, katika kesi ya jiji la San Francisco dhidi ya EPA kuhusu mtambo wa Oceanside, ambapo Mahakama ya Juu iliamua kwa kura 5 dhidi ya 4 kwamba EPA haiwezi kuweka masharti yanayomwajibisha mwenye kibali kwa hali ya maji yanayopokea badala ya kumwekea hatua au viwango vya kufuata. Kesi hiyo ilihusu Kifungu cha 301 cha sheria hiyo hiyo, kinachohusu ukomo wa umwagaji, wala haikuhusu masharti ya Kifungu cha 401, lakini inakupa hoja nzuri ya kumwomba mthibitishaji abadilishe maneno ya jumla kuwa kitu kinachopimika. Mwombe mapema, kabla uamuzi haujatiwa saini.

Ukitaka kulipinga sharti lililotokana na uthibitisho, elekea kwenye taratibu za rufaa za jimbo lenyewe. Bodi ya Rufaa za Mazingira ya EPA husikiliza malalamiko dhidi ya masharti ya EPA, na hayo yawasilishwe ndani ya siku 30 tangu taarifa ya uamuzi wa kibali, lakini sharti la jimbo italirudisha jimboni. Kwa hiyo chora mstari katika nakala yako: sharti hili ni la nani? Ukipeleka pingamizi mahali pasipo, muda wa pale panapostahili unaweza kuisha ukiwa bado kwenye foleni.

Hatua ya nane: mkumbuke aliye chini ya mto

EPA ikishapokea ombi na uthibitisho, au taarifa kwamba haki imeachwa, dirisha jingine linafunguka. Ndani ya siku 30 EPA huamua kama umwagaji unaweza kuathiri maji ya jimbo jingine au ya kabila lenye hadhi ya jimbo. Ikiona hivyo, jirani hujulishwa, naye ana siku 60 za kupinga na kuomba kusikilizwa. Kama hakuna sharti linaloweza kuhakikisha kwamba viwango vyake vitatimizwa, kibali hakitolewi.

Kesi mbili zinaonyesha uzito wa haki hiyo na mpaka wake. Mwaka 1985 EPA iliupa mji wa Fayetteville, Arkansas, kibali cha kumwaga sehemu ya majitaka yake yaliyosafishwa katika kijito kinachofika mto Illinois, na mto huo huingia Oklahoma maili 22 chini ya hapo. Oklahoma ilipinga, ikisema mto wake tayari umeharibika na hauwezi kupokea zaidi. Mwaka 1992 Mahakama ya Juu ilikubali kwamba EPA ina mamlaka ya kumtaka aliye juu atimize viwango vya aliye chini, lakini ikakataa dai la Oklahoma kwamba mto ulioharibika haupokei tone jingine. EPA ilikuwa imekuta kwamba majitaka hayo yasingeleta badiliko linaloweza kugunduliwa mpakani, na hilo lilitosha.

Kesi ya pili ni ya Albuquerque. Mtambo wa majitaka wa jiji hilo unamwaga katika Rio Grande takriban maili 5 juu ya Pueblo ya Isleta, jamii ya Wenyeji ambayo maji ya mto huo hutumika katika ibada zao, wakiingia mtoni na kuyanywa. Isleta ilikuwa ya kwanza kupewa hadhi ya jimbo kwa ajili ya viwango vya maji, na mwezi Desemba 1992 EPA iliidhinisha viwango vyake, vikiwemo vya matumizi ya ibada na kigezo cha aseniki kilichokuwa kikali kuliko cha New Mexico. Kwa kuwa kibali cha Albuquerque hutolewa na EPA, viwango hivyo viligeuka mara moja kuwa hesabu za jiji. Jiji lilikwenda mahakamani likashindwa katika Mahakama ya Rufaa ya Denver mwaka 1996. Uthibitisho wake ulitoka New Mexico, lakini namba ngumu zaidi zilitoka kwa jirani ambaye hakuombwa uthibitisho.

Ndiyo maana katika hatua ya tatu nilisema usome mto mpaka mpakani na kuvuka. Peleka kwa jirani nakala ya hesabu zako kabla EPA haijamwandikia. Jirani aliyeona hesabu za amonia na aseniki mpakani miezi 6 kabla hana sababu ya kupinga ili tu apate muda wa kuelewa, na kama ana pingamizi la kweli, ni heri ulisikie wakati tangi bado liko kwenye michoro.

Hatua ya tisa: baada ya kibali kutoka

Funga pamoja kibali, uthibitisho, ombi, ushahidi wa tarehe ya kupokelewa na barua zote za jirani, na ziwe mahali ambapo msimamizi wa zamu ya usiku anaweza kuzifikia. Masharti ya uthibitisho yaingizwe katika ratiba ya sampuli sawa na yale ya EPA, kwa sababu kuvunja sharti la uthibitisho ni kuvunja kibali cha shirikisho.

Mambo yakibadilika, kanuni ya 2023 inaruhusu uthibitisho kurekebishwa endapo mthibitishaji na ofisi ya shirikisho watakubaliana kwa maandishi, lakini marekebisho hayawezi kuugeuza uthibitisho kuwa kukataa. Mwombaji si mmoja wa wanaotia saini makubaliano hayo, ingawa hakuna kinachomzuia kuyaomba kwa barua yenye sababu na takwimu.

Kibali cha NPDES hakizidi miaka 5. Kikikaribia kwisha, fomu mpya zifike EPA siku 180 kabla, na zikifika kwa wakati na zikiwa kamili, kibali cha zamani huendelea kutumika mpaka kipya kitoke. Kibali kipya kinahitaji uthibitisho mpya, na viwango vya mto vinaweza kuwa vimebadilika katika miaka hiyo, kwa kuwa sheria inalitaka kila jimbo livipitie upya angalau kila baada ya miaka 3. Andika katika kalenda ya ofisi tarehe ya kuomba kikao cha awali cha mzunguko unaofuata, siku ile ile unayopokea kibali.